Mume Alidhani Kachokwa, Kumbe Mama Halali!

Kuna mama mmoja hapa Dar, ana miaka 51. Kwa miezi kadhaa alikuwa anashtuka saa 8 usiku kalowa jasho chapachapa. Anatupa shuka, anahamia sebuleni, anajilaza kwenye vigae. Mumewe akajua ndo basi tena, kachokwa. Wakaanza kununiana. Majirani nao hawakukosa la kusema: mara kalogwa, mara ana mtu.

Kumbe wala! Ni ukomo wa hedhi. Wanawake wengi wanaufikia kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inashuka, mwili unalichukulia joto dogo kama joto kali, jasho linamwagika na usingizi unakata.

Binti yake ndo alimpeleka kliniki. Alirudi na mambo ya kawaida kabisa: kahawa na chai mwisho mchana, maana kafeini inakaa mwilini masaa mengi, pilipili usiku apunguze, shuka na nguo za pamba, feni, kutembea asubuhi, na kuamka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya.

Jasho halijaisha, ila sasa anapata masaa matano mfululizo. Na mume? Siku hizi yeye ndo anawasha feni.

Kwa hiyo wadau, bi mkubwa akiamka mkali, kabla hujanuna muulize kwanza: "Mama, umelala?" Na damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, hapo ni hospitali moja kwa moja.