NILIDHANI KIFUA NDIYO CHETI

Msomaji, umewahi kuulizwa swali la maneno matatu tu, ukakosa jibu na kutamani ardhi ipasuke uingie? Mie limenikuta. Tena mbele ya watu, Ngamiani kwetu, saa moja asubuhi, nimevaa singlendi na kifua kimetuna kama tairi la lori.

Swali lenyewe hili hapa: "Kwani wewe nani?"

Ngoja nianze mwanzo ili twende sawa.

Mie ni mtoto wa Tanga. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hata nyumbani hatuyazungumzi, nikaangukia kwenye vyuma. Uwani kwa mjomba palikuwa na jimu ya kienyeji, zile unazozijua: makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, ekseli ya gari bovu, na benchi la mbao linalolia kila ukililalia. Baada ya miaka mitatu nikawa pande la mtu. Nikikatiza mtaani washikaji wananiita Baunsa, na watoto wananifuata nyuma wakitaka kunipima mkono. Raha iliyoje!

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, akahimiza Watanzania wafanye mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa shughuli hiyo. Mtaani kwetu watu wakachangamka kwelikweli. Mama zetu ambao mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi, ukawaona alfajiri wametinga raba chini, baibui juu, wanaelekea Raskazone kupunga upepo wa bahari na kutoa jasho.

Nami nikasema hapa pana mapene. Nikachukua ubao, nikaandika kwa rangi nyekundu: MAZOEZI YA KUPUNGUZA TUMBO, SH. 500 TU. Nikautundika mlangoni kwa mjomba. Wiki ya kwanza walikuja wanne, mwezi wa pili wakawa kumi na tano. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimesomea wapi. Waulize cheti cha nini na kifua wanakiona?

Basi bwana, mwaka 2019 akaja mama mmoja wa makamo, mke wa mtu na heshima zake. Mimi humwita Mama kwa kuwa mwanawe wa kwanza tulisoma naye. Nilimpokea kwa shikamoo, akaitika, akalipa mia tano yake, nikaanza kazi. Nilimrusharusha kama kijana wa JKT. Nikampa kopo la zege alibebe, achuchumae na kusimama mara hamsini. Akaniambia, "Mwanangu, mbona pumzi inanikata?" Nikamjibu, "Mama, hayo ni mafuta yanalia!" Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo.

Alipofika arobaini na kitu nikapiga makofi: "Simama! Tua kopo! Pumzika!" Akasimama wima. Akanitazama kama mtu anayetaka kuniuliza jambo. Kisha akaenda chini, puu!

Hapo ndipo ubaunsa wangu wote uliponitoka. Nilimwinua nikamkalisha kwenye kiti. Kumbe kosa. Nikammwagia ndoo ya maji. Kosa jingine. Wenzake wakamzunguka, wengine wanalia, wengine wanasoma dua, hewa hana. Lahaula! Mumewe alipigiwa simu, akafika na gari, akamkuta mkewe kalowa chapachapa na fahamu ndiyo kwanza zinarudi. Akauliza nani anayefundisha hapa. Nikasema mie. Akanitazama kuanzia raba mpaka kifua, akaniuliza lile swali. Sikuwa na jibu. Akampakia mkewe wakaenda zao hospitali.

Jioni nilimfuata kwao kwa miguu, moyo mkononi. Alikuwa amelala sebuleni, hajambo. Nilimwomba radhi. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo ninayo: "Mwanangu, mie nameza vidonge vya presha huu mwaka wa nne. Na asubuhi nilikunywa chai ya rangi tu. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuuliza."

Nikafunga jimu. Mjomba akadhani nimepata kazi bandarini. Kumbe nilikuwa nalala mchana kutwa nikiwaza: je, angekufa?

Rafiki yangu mmoja aliyekwenda Dubai kufanya kazi jimu ndiye aliyenizindua. Nilimsimulia, akaguna. "Wewe unacheza na roho za watu," akasema. Akanieleza kuwa Falme za Kiarabu wana rejista maalumu ya walimu wa mazoezi, na bila cheti kinachokubalika, kifua kiwe kama gogo la mbuyu, kazi hupati. Akanitajia American Council on Exercise, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1985, ambalo wengi hulijua kwa kifupi ACE. Wanataka uwe na miaka 18 au zaidi, uwe umemaliza sekondari, na uwe na cheti cha kumzindua mtu ambaye moyo umesimama. Ndipo unafanya mtihani.

Kwa nini sikwenda Malya? Wengi huniuliza. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, mkoani Mwanza, na ni cha serikali. Anayetaka kuwa mwalimu wa michezo shuleni au kocha wa timu, ndiyo njia yake. Mie nilitaka kumfundisha mtu mmoja mmoja, tena bila kuihama Tanga, maana mama yangu ni mtu mzima na ananitegemea.

Vitabu na mtihani vilikuwa mamia ya dola. Nikauza pikipiki. Ndiyo, pikipiki yangu mwenyewe! Nikarudi kwenye baiskeli kama wazee wa zamani wa mji huu.

Nikaanza na huduma ya kwanza. Ukikuta mtu kaanguka, hajitambui na hapumui vizuri, unaita msaada, kisha unabonyeza katikati ya kifua mara 30, unampulizia pumzi 2, unarudia. Mwendo ni mbonyezo 100 mpaka 120 kwa dakika, kina chake sentimita 5 mpaka 6. Na aliyezimia tu, anapumua vizuri? Mlaze chali, inua miguu, mpe hewa. Kiti hapana, ndoo ya maji hapana. Nilipoambiwa hayo nilimkumbuka Mama, machozi yakanilengalenga.

Halafu kitabu. Kimombo kitupu! Mie tako nilijua ni tako tu. Kumbe lina misuli 3, kila mmoja na jina lake la Kilatini na kazi yake. Ndipo nilipoelewa hata kilichomwangusha Mama. Mtu akichuchumaa na mzigo huku kabana pumzi, presha hupanda ghafla. Akiwa anafanya kazi ya nguvu, damu hujaa miguuni na misuli ya miguu husaidia kuirudisha juu. Sasa ukimsimamisha ghafla, damu hubaki chini, ubongo unakosa, mtu anaanguka. Mwenye dawa za presha ndiyo kabisa. Ilitakiwa nimtembeze taratibu dakika tano, kumi hivi, moyo utulie. Mie nikampigia makofi.

Mtihani ni maswali 150 kwa saa 3. Alama hupangwa kati ya 200 na 800, na kufaulu ni 500. Mara ya kwanza nikapata 471. Nilikaa ukutani Raskazone nikaitazama bahari mpaka magharibi ikaadhiniwa. Pikipiki hakuna, cheti hakuna, na kurudia mtihani ni pesa nyingine. Mama yangu akauza kitanga chake cha vitenge bila kuniambia, akanikabidhi hela zimefungwa kwenye leso. Mwaka 2022 nikarudia, nikapita. Nilipiga ukelele mpaka jirani akadhani kuna msiba.

Sasa tuje kwenye ngawira, maana najua ndiko unakosubiri. Usidanganyike kuwa cheti kinaleta pesa siku ya pili. Miezi minne ya mwanzo niliishi kwa mihogo ya mama. Nilichukua TIN, nikakata leseni ya biashara, nikarudi uwani kwa mjomba nikiwa na ubao mpya. Leo nina wateja sita wa mmoja mmoja, kila mmoja ananilipa Sh. 100,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki. Nina kundi la alfajiri la watu ishirini, Sh. 15,000 kwa mwezi kila kichwa. Jumla 900,000 ikiwa wote wamelipa. Na lini wote walilipa? Toa kodi ya uwanja ninayompa mjomba, toa bando, toa akiba ya kuhuisha cheti, kwani kila miaka 2 lazima nioneshe nimejisomea saa 20 zaidi na kulipa tena. Ramadhani mapato hukatika nusu. Waliobaki nawafundisha baada ya tarawehe, tena taratibu.

Na Tanga ni Tanga, yakhe. Kina mama wengi hawataki kuruka mbele ya wanaume, na wana haki. Kwa hiyo dada yangu amejifunza, yeye ndiye anayesimamia kundi lao ndani ya ua, turubai limezungushwa, mie napanga ratiba nikiwa nje. Mke wa mtu simfundishi peke yangu bila mumewe kujua. Nimepoteza wateja kwa msimamo huo, lakini nalala usingizi.

Kuna na wakwe. Bibi mmoja alinijia juu kuwa namkondesha mkwewe: watu watasema mwanawe hamlishi mke! Ilibidi nimkalishe, nimweleze kuwa sitafuti wembamba. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Dakika 150 ni nusu saa ya kutembea haraka, siku tano. Unene wa heshima abaki nao, moyo tu uwe na nguvu. Bibi akauliza kama kutembea kwenda sokoni kunahesabiwa. Nikamwambia kunahesabiwa, bibi, ila usisimame kila kibaraza kupiga soga. Tukacheka, yakaisha.

Lakini kitu ninachojivunia si cheti kilichotundikwa ukutani. Ni daftari. Mteja mpya, awe mwembamba awe tipwatipwa, hagusi chuma kabla hajajibu maswali 7. Asili yake ni Kanada, miaka ya 1970, na yameboreshwa tangu hapo. Mie nayauliza kwa Kiswahili chetu. Kata ukurasa huu uweke:

Daktari amewahi kukwambia una tatizo la moyo? Ukifanya kazi ya nguvu, kifua huuma? Mwezi uliopita kimekuuma ukiwa umetulia tu? Hupata kizunguzungu cha kupepesuka, au umewahi kuzimia? Una goti, mgongo au kiungo kinachoweza kuzidi kuuma ukifanya mazoezi? Unatumia dawa ya presha au ya moyo? Iko sababu nyingine yoyote unayoijua, ujauzito kwa mfano?

Likipatikana jibu la "ndiyo" hata moja, mteja aende kwa dokta kwanza, akirudi tunaanza kwa kadiri alivyoambiwa. Dakika tatu tu. Dakika tatu ambazo mwaka 2019 sikuwa nazo, kwa kuwa nilikuwa nakitunisha kifua.

Kwa hiyo wewe kijana unayetaka kazi hii, vyuma nyanyua, cheti tafuta. Na wewe unayetaka kupunguza tumbo, ukimwona mtu kajazia usimpe mwili wako kama unampa fundi baiskeli. Mwulize amesomea wapi. Halafu tazama kama na yeye anakuuliza chochote. Asipouliza, vaa raba zako uondoke.

Na Mama? Hakurudi tena. Tukikutana sokoni Mgandini namwamkia, ananiitikia vizuri, anauliza hali ya mama, tunaagana. Mumewe naye hunipungia mkono akiwa kwenye gari. Habari za siku ile hatuzigusi.

Ila mwezi uliopita alikuja mwanamke mgeni, kavaa raba mpya kabisa. Nikafungua daftari nianze. Akanikatiza akicheka: "Mie nimetumwa na wifi yangu. Kaniambia nije kwako, ila nihakikishe umeniuliza kwanza kabla hujanirusharusha."

Nikamwuliza huyo wifi yako nani. Aliponitajia jina, kalamu ilinianguka.

Nikaiokota. Nikaanza na swali la kwanza.