Sentensi Niliyoikata

Nilisikia. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mitano niliwaambia watu kwamba sikusikia vizuri, kwamba intaneti ilikuwa inakatakata, kwamba yule Mmarekani alizungumza haraka. Intaneti ilikuwa nzuri. Nilisikia kila neno, na sentensi moja iliyokuwa na maana kuliko zote nikawaficha vijana kumi na mmoja walioniamini.

Banda langu la gemu lilikuwa Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, fremu moja yenye televisheni nne. Tatu zilikuwa za mpira. Ya nne, ya nyuma kabisa, ilikuwa ya Skyrim. Wenye mabanda wengi hawaweki gemu ya namna hiyo kwa sababu hailipi: mechi ya mpira inaisha kwa dakika chache na aliyefungwa anatoa sarafu nyingine, lakini Skyrim unaanza ukiwa umefungwa mikono kwenye mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa, joka linatua juu ya mnara, na saa mia moja baadaye bado hujamaliza. Mimi niliiweka kwa kuipenda. Nimeicheza tangu ilipotoka Novemba 2011, na hadi leo sijaona gemu nyingine ambayo mlima unaouona kwa mbali unaweza kuufuata kwa miguu, ukaupanda hadi kileleni, na huko juu ukakuta mtu ana shida yake.

Shida yetu ilikuwa lugha. Skyrim ina vitabu vizima vya kusoma ndani yake, ina watawala wenye mashauri, wazee wa milimani, wezi wenye viapo, na wote wanaongea Kiingereza. Vijana wa benchi la nyuma walikuwa wa sekondari, wengine hata hawakuifika. Kwa hiyo nikawa mkalimani wao. Mmoja anashika pedi, wenzake wanabanana benchini, mimi nakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki nawatafsiria.

Nakumbuka zaidi kisa cha Saadia, mwanamke anayehudumu katika nyumba ya wageni mjini Whiterun. Yeye anasema anawindwa na mashujaa wa kwao kwa sababu alithubutu kusema dhidi ya wavamizi. Wale mashujaa nao wanasema ndiye aliyewauzia wavamizi mji wa Taneth. Gemu haikwambii nani mkweli. Benchi lilibishana siku tatu. Jioni ya tatu kijana mmoja wa Chumbageni akageuka akaniuliza, "Kaka, wewe uliyemsikia kwa Kiingereza, sauti yake ilikuwaje? Ya mtu mwongo?" Ndivyo walivyonitegemea. Nikisema fulani kasema hivi, basi kasema hivi. Hapakuwa na wa kunihakiki.

Sasa alfajiri yenyewe. Ilikuwa tarehe 11 Juni 2018, kumi la mwisho la Ramadhani, na vijana walikuwa macho tangu daku. Kule Los Angeles bado ilikuwa jioni ya tarehe 10. Bethesda, watengenezaji wa Skyrim, walikuwa jukwaani wakionyesha kazi zao zijazo, nasi tulijifungia bandani tukitazama kwa simu yangu niliyoiunganisha na televisheni. Mwishoni akapanda Todd Howard, kiongozi wa waundaji wa gemu hizo. Akaonyesha kwanza Starfield, gemu ya anga za juu. Kisha akagusia ile nyingine, ambayo watu hawaachi kumwuliza, akaeleza waziwazi kwamba hiyo itafuata baada ya Starfield. Ndipo zikaja picha: mawingu, milima mikavu, ukingo wa bahari, muziki tunaoujua, na jina The Elder Scrolls VI, gemu itakayoifuata Skyrim. Haikufika dakika moja. Tarehe haikutajwa.

Vijana waliruka. Mmoja alikuwa analia. Wakanigeukia: "Kaka, kasema nini? Lini?"

Nikasema, "Mwakani. Kabla Krismasi haijafika."

Nilikuwa na hesabu zangu. Skyrim ilitangazwa Desemba 2010, ikatoka baada ya miezi kumi na mmoja. Fallout 4, ya watu haohao, ilitangazwa Juni 2015, ikatoka Novemba ya mwaka huohuo. Nilijiambia hawa hutangaza kitu kikiwa karibu kuiva. Hesabu hizo zingenisamehe kama ningewaambia vijana, "Kasema ni baada ya gemu nyingine ambayo nayo bado, mimi nakisia mwakani." Sikusema hivyo. Ile sentensi ya kwamba Starfield inatangulia niliikata nikaitupa, nikaweka matamanio yangu mahali pake kwa sauti ileile ya mkalimani. Nilikuwa nimefunga, na nilisema uongo nikiwa nimefunga.

Kwa nini? Kwa sababu nilitaka iwe kweli, na kwa sababu sikutaka kuwa mimi wa kuzima furaha ile. Mwezi ule pia pango la fremu lilikuwa limenishinda, na benchi lenye matumaini ni benchi linalorudi kesho. Hili la mwisho nimechelewa sana kulikiri, hata kwa mke wangu.

Mashine yetu ilikuwa imechoka, na ilisemekana PlayStation mpya inakuja. Tukakubaliana tuchange: shilingi 500 kwa wiki kila mtu, tununue mashine ya kuchezea gemu mpya. Nikafungua daftari. Mbele ya kila jina, kwa pendekezo la vijana wenyewe, tukaandika mwenye jina anataka kuona nini.

Nikilifungua daftari lile leo, kurasa za hela nazipita haraka. Matamanio yale ndiyo yananishika. Watano waliandika Hammerfell. Hiyo ni nchi ya Redguard, watu weusi wa ulimwengu ule, wapiganaji wa upanga ambao mababu zao walivuka bahari kutoka Yokuda, bara lililozama. Katika Skyrim unaweza kuzaliwa Redguard, lakini unaishi mgeni kwenye theluji ya watu wengine. Vijana walitaka kwenda kwao. Walipoona ile milima mikavu na bahari kwenye tangazo waliamini ndiko tuendako, na mimi niliamini nao.

Mtoto wa mvuvi wa Sahare alitaka chombo cha baharini anachokiongoza mwenyewe. Katika Skyrim unalipa nahodha, giza linaingia, unajikuta umefika. Kwake hilo lilikuwa tusi kwa bahari. Nilimweleza kwamba katika Daggerfall, gemu ya zamani ya watu haohao ya mwaka 1996, mchezaji aliweza kununua meli yake, na kwamba gemu ile ilizunguka ghuba iliyo kati ya Hammerfell na nchi jirani ya High Rock. Akaongeza kwenye mstari wake: na tanga liwe la kweli, upepo ukigeuka nalo ligeuke.

Yule wa Chumbageni aliandika neno moja: Kiswahili.

Michango ilikwenda mpaka Machi 2020. Mwaka 2019 ulipopita bila kitu, niliwaambia imeahirishwa. Haikuahirishwa, haikuwahi kupangwa. Korona ilipofunga shule nami nikafunga banda, daftari lilikuwa na shilingi 372,500. Aprili na Mei nikazitoa kulipa pango. Sikumwambia mtu. Mwaka uliofuata fremu nikairudisha kwa mwenyewe, vijana wakatawanyika. Microsoft, wenye Xbox, walikuwa tayari wamekamilisha kuinunua kampuni mama ya Bethesda kwa dola bilioni 7.5, na nilipoisoma habari hiyo nilijikuta nikishukuru, maana nilipata kisingizio kipya: gemu imehamia mashine nyingine, basi tena.

Starfield ilitoka Septemba 2023, na haikutoka kwa PlayStation. Miezi michache kabla yake, Phil Spencer, mkuu wa michezo wa Microsoft wakati huo, alikuwa ameieleza mahakama nchini Marekani kwamba The Elder Scrolls VI iko mbali bado, miaka mitano au zaidi. Wiki ileile Starfield ilipotoka, kijana wa Chumbageni alinitafuta. Alikuwa chuo kikuu sasa, na Kiingereza chake kinapita changu. Alinikuta dukani ninapouza vifaa vya simu, akanisalimia kwa heshima ileile ya zamani, akatoa simu na kunionyesha video ya mwaka 2018 ikiwa imesimamishwa palepale.

"Kaka, nitafsirie tena hapa."

Niliangalia chini. Kisha nikamtafsiria. Safari hii sikukata kitu.

Alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Tungekusubiri tu, kaka. Hata ungesema miaka kumi, tungekusubiri." Kisha akaniuliza hela ziko wapi, nikamwambia.

Bado naisubiri gemu hiyo kwa moyo uleule. Naitaka Hammerfell yenye bandari, naitaka ile meli yenye tanga, lakini zaidi ya vyote nataka alichoandika yule kijana. Skyrim ilitoka kwa Kirusi, Kipolandi, Kicheki na Kijapani. Ikitoka ijayo na maandishi ya Kiswahili, mtoto wa Ngamiani atamsoma Saadia kwa macho yake na kuamua mwenyewe kama ni mwongo, bila mtu wa pembeni kumchagulia maneno.

Nimekwisha kuwarudishia saba kati ya wale kumi na mmoja, kila mmoja kwa kiasi chake, na kila mmoja nimemweleza alichosema Howard alfajiri ile. Wanne sijawapata. Kama ulikuwa ukikaa benchi la nyuma, barabara ya 12, na hujanisikia, njoo. Vijana wenzako wanajua duka langu lilipo. Daftari ninalo, jina lako limo, na mbele yake limeandikwa deni unalonidai na kitu ulichotaka kukiona.