Kolani, kinga na upepo wa Utrecht

Sisi dada zenu wa Kivu tumekaa miaka mingi sasa Utrecht, mji wa Uholanzi. Mara nyingi mnatuuliza habari za theluji. Theluji hapa si kitu kikubwa: inaanguka siku chache, watoto wanaifurahia, kisha inayeyuka na kuacha tope. Kinachotutesa ni upepo, na upepo huo tunakutana nao juu ya kinga. Basi juma hili tunawaandikia habari za miguu, maana mama asiyeweza kuendesha kinga wakati wa baridi, katika mji huu amefungwa ndani ya nyumba.

Mjue kwanza kwamba Uholanzi ina kinga nyingi kuliko watu. Chini ya uwanja wa stesheni ya Utrecht wamejenga mahali pa kuziweka, nafasi 12 500, gorofa tatu zilizojaa kinga tupu. Mwanafunzi anapanda kinga, mwenye mimba anapanda, bibi wa miaka 80 anapanda na mkoba wake wa mboga. Mark Rutte, alipokuwa waziri mkuu, alijulikana kwa kwenda ofisini kwa kinga. Kwetu kinga ni kitu cha mwanaume cha kubebea makaa na ndizi, na Goma chukudu imepewa sanamu yake, lakini msichana aliyefundishwa kupanda ni wa kuhesabu. Kwa hiyo wengi wetu tulijifunza hapa, tukiwa na miaka 40 na zaidi, kwenye masomo ya kinga wanayowapa wanawake waliotoka nchi nyingine. Tulianza mwezi wa tano, jua likiwaka. Hakuna aliyetuambia lolote la mwezi wa kwanza.

Mwishoni mwa mwezi wa 12 jua la Utrecht linatoka karibu saa tatu kasoro robo ya asubuhi. Mama anaondoka gizani na kurudi gizani. Kipimo cha joto kinaonyesha nyuzi 3 au 4 tu juu ya sifuri, na mtu aliyesimama dukani anaweza kusema si neno. Lakini ukiwa juu ya kinga unajitengenezea upepo wako mwenyewe, na ukiongeza ule unaotoka baharini, ngozi inasikia nyuzi 3 kama sifuri ama chini yake. Tumbo na mgongo vina koti. Mapaja na magoti ndiyo yanayokwenda mbele kuupokea upepo. Wanaotoka Masisi na Lubero kati yetu walivumilia kidogo, kwa kuwa asubuhi ya Mushaki wanaijua tangu utoto. Wale wa Uvira na Kindu tusiwaseme.

Mmoja wetu anafanya usafi kwenye maofisi ng'ambo ya mfereji wa Amsterdam-Rijn. Kazi inaanza saa kumi na mbili, na basi la kwanza halimfikishi kwa wakati. Njia yake ni daraja la Dafne Schippers, lililofunguliwa mwaka 2017 kwa wenye kinga na wenye kutembea kwa miguu. Limepewa jina la mwanamke wa mji huu aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za mita 200 mwaka 2015 na 2017. Ni daraja zuri; upande mmoja njia yake inazunguka na kupita juu ya paa la shule. Lakini ukifika katikati, juu ya maji, hakuna nyumba wala mti wa kukukinga. Ndugu yetu alikuwa anavaa jinzi, na ndani yake kolani nyembamba ya nailoni aliyokwenda nayo kanisani. Alifika kazini magoti yamekufa ganzi, na jioni yaliuma hata hakuweza kupiga magoti kufua. Mwezi wa kwanza ulipofika katikati alitutangazia kwamba anaacha kazi. Mshahara huo ndio unaolipa minervali ya wadogo zake wawili Bukavu. Mnaelewa kwa nini tuliketi siku ya posho iliyofuata nyumbani kwa mwenzetu mmoja Overvecht, kila mtu amekuja na kolani zake zote katika mfuko.

Tulizitandika kitandani tukazitazama moja moja. Kolani za madukani zimeandikwa denye. Denye ni uzito wa uzi: gramu ngapi katika uzi wa mita 9 000. Ya denye 20 unaona ngozi, ni ya harusi. Ya 80 ama 100 haionyeshi kitu, na watu wanadhani hiyo basi ni ya baridi. Kwa kutembea sokoni inafaa. Juu ya kinga upepo unapita kati ya nyuzi zake kama maji katika kikapu. Kinachotia joto ni hewa iliyotulia karibu na ngozi, si unene wa uzi peke yake. Ndiyo maana kolani nzuri ya kinga, ukiigeuza ndani nje, ina manyoya laini kama blanketi la mtoto. Hayo manyoya yanashika hewa. Na zilizo bora zaidi zimewekwa mbele, kwenye mapaja na magoti, kitambaa kinachozuia upepo, huku nyuma ya goti pakiachwa pepesi ili jasho litoke.

Jasho hilo msilidharau. Mama anayepanda daraja na mtoto nyuma anatoka jasho hata kwenye baridi, na pamba inalinywa na kukaa nalo. Akishuka, akasimama kwenye taa nyekundu, pamba iliyolowa inamgandisha. Jinzi ni pamba. Legingi nyingi za bei rahisi ni pamba. Sufu ya kondoo inatia joto hata ikiwa na unyevu, hasa ile laini ya merino isiyowasha. Nailoni na poliesta hazinywi maji sana, zinakauka upesi. Kwa mapato yetu tunasema hivi: sufu ukiipata kwa bahati, poliesta yenye manyoya kwa kila siku, pamba ibaki nyumbani.

Sasa kukaa kwake mwilini, na hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Mama mnene anaogopa kuomba kipimo chake mbele ya muuzaji, anachukua kidogo akisema itavutika. Itavutika, ndiyo. Lakini iliyovutika mno inakuwa nyembamba, manyoya yanalala, hewa inatoka, damu inabanwa, na baridi inaingia kuliko mwanzo. Iliyo kubwa nayo inakunjamana nyuma ya goti na kusugua, upepo unaingia kiunoni, na mguu wake wa chini unaweza kuliwa na mnyororo. Kolani inayokufaa inagusa ngozi kila mahali bila kuacha alama nyekundu ukiivua.

Msiijaribu mkiwa mmesimama wima mbele ya kioo. Hakuna anayeendesha kinga akiwa wima hivyo. Chuchumaa. Weka mguu mmoja juu ya kiti mpaka goti likaribie kifua. Kaa ukingoni mwa kiti, inama mbele kama unashika usukani, kisha mwenzako atazame mgongo: kama kiuno cha kolani kimeshuka na ngozi inaonekana, iache. Nyuma inapaswa kuwa ndefu kuliko mbele. Tazama pia katikati ya miguu. Ikiwa mishono minne inakutana mahali pamoja, utakaa juu ya fundo hilo njia nzima. Tafuta iliyotiwa kipande cha pembe nne hapo ili mishono iende pembeni. Wengine wanauza zenye godoro dogo la kukalia. Hizo zinavaliwa bila chupi, na ni za watu wa safari ndefu. Kwa kilomita nne za kazini hazina faida. Na zile zenye mikanda ya mabegani tunawaambia waziwazi: siku utakayobanwa na haja, umevaa koti, triko na mikanda hiyo, utalia.

Lilibaki neno la heshima. Katika mkutano ule mama mkubwa mmoja alisema, mwanamke hawezi kupita barabarani miguu ikionekana umbo lote, hata kama nchi ni ya wenyewe. Vijana walicheka, sisi hatukucheka, kwa sababu wako mama wanaokataa kinga kwa sababu hiyo moja, na wanabaki kungojea waume zao wawapeleke. Kikwembe kamili nacho ni hatari kwenye gurudumu. Kinga nyingi za Kiholanzi zina kifuniko cha mnyororo na ngao pembeni ya gurudumu la nyuma kwa ajili ya nguo ndefu, lakini upepo wa juu ya daraja unakifanya kikwembe kuwa tanga.

Dawa ilitoka kwa fundi wetu. Siku ya posho asubuhi, katika barabara ya Breedstraat, kuna soko la vitambaa. Wanauza kwa mita, na mabaki wanauza kwa bei ya chini. Fundi alinunua kitambaa kizito, akakata sketi ya kufika magotini, yenye mpasuo mbele na nyuma na vifungo vya kufunga ukishuka. Akatia pindo la kitenge chini, ili tujulikane tumetoka wapi. Sketi hiyo juu ya kolani inaongeza joto la mapaja, na mama mkubwa ameikubali. Tena anaivaa. Tunaona ni kazi nzuri kuliko maneno yote yaliyosemwa siku ile.

Ndugu wa usafi tulimchangia kolani moja ya kweli, yenye manyoya ndani, kizuizi cha upepo magotini na mistari inayong'aa taa ya gari ikiipiga. Bei yake ilishinda tatu za kawaida. Mwezi wa pili alikuwa bado kazini, na minervali ilitumwa. Anaifua kwa maji ya uvuguvugu, bila ile dawa ya kulainisha nguo, kwa maana inaziba nyuzi, na haianiki juu ya chuma cha moto cha ukutani kwani joto linaua lastiki.

Ninyi mlio huko msiseme haya ni ya Ulaya peke yake. Anayetoka Masisi alfajiri juu ya moto kuleta jibini Goma anakutana na upepo uleule, tena kwa mwendo mkali. Na kolani hizi zinafika katika balo za nguo kuukuu, tumeziona. Ukiikuta, ivute kwa mikono miwili halafu uiachie: ikirudi upesi, lastiki iko hai, ikilegea, hata bure usiichukue. Inyanyue kwenye mwanga utazame magoti na makalio, ndipo inapokwisha kwanza. Igeuze uguse manyoya ya mapajani; yakiwa yamekuwa upara, joto lilibaki kwa mwenyewe wa kwanza.

Mwenye binti anayekuja kusoma huku majira ya baridi, atutumie vipimo vyake kabla ya mwezi wa 11, tumtafutie mapema. Tunahitaji vitatu, kwa sentimita: kiuno, nyonga mahali palipo pana zaidi, na mguu kwa ndani kuanzia juu hadi kifundo. Apimwe amevaa nguo nyembamba, uzi usikazwe, na asipunguze hata kimoja kwa ajili ya aibu.