Vipande Vilivyobaki



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, kijana mmoja aliingia uwanja wa kanisa akiwa na gunia begani, akiokota chupa za plastiki na makopo. Tulimwamuru kwa ukali atoke. Akatoka bila neno. Tangu hapo dhamiri yetu haijatulia. Sisi wa Buhongwa, ambako lipo dampo la jiji la Mwanza, tumezoea kuwaona waokotaji, na mazoea hayo yametufanya tusiwaone tena.

Katika kutafakari jambo hili tulimkumbuka msanii Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Nyumba aliyokulia ilitazamana na dampo. Alipokuwa mtoto alitamani sana miwani, lakini baba yake alikataa kumnunulia. Akamwambia, akiitaka, ajitengenezee. Akajitengenezea. Miwani yake ya ajabu, iliyoundwa kwa waya, mifuniko ya chupa na vipande vya vyuma vilivyotupwa, hufunika uso mfano wa kinyago, na imeonyeshwa katika nchi nyingi.

Nasi tunao mfano wa karibu. Kule Bujora, Kisesa, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikusanya na kutunza ngoma na vyombo vya Wasukuma, wakati ambapo wengine walivihesabu kuwa vya kutupwa. Leo Wakristo wanaposherehekea Bulabo katika majira ya Ekaristi Takatifu, Bagika na Bagalu wakishindana kucheza, tunavuna alichokiokota yeye.

Tena tusome Injili ya Yohane, sura ya 6. Umati ulipokwisha kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki, kisipotee kitu. Vikajaa vikapu 12. Mara nyingi tumehubiri juu ya mikate, wala hatukujiuliza ni nani walioinama majanini. Walikuwa Mitume wenyewe. Basi waokotaji wa kwanza katika Kanisa ndio hao ambao sisi mapadre tunajivunia kuwa wasaidizi wa warithi wao.

Tusikosee, ndugu zangu. Kijana yule si taka ya kuokotwa. Yeye ndiye aliyeinama kuokota tulivyotupa sisi, kisha tukamfukuza. Pengine tunaohitaji miwani ni sisi.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya Ndogondogo zitenge chupa na makopo, na waokotaji wapitapo wakaribishwe kama wageni wengine. Sisi wenyewe tutakwenda kumtafuta kijana huyo katika njia ya dampo, tumwombe msamaha. Anayemfahamu atusaidie, kwa maana hata jina lake hatukumwuliza.

Mungu awabariki nyote.