Nilioa Nyumba ya Wanga

Mpenzi msomaji, siku utakapomwona kijana akitimua mbio kwenye reli ya Kibera saa kumi alfajiri, viatu mkononi, usimcheke. Huenda anamkimbia mama mkwe. Mimi yalinikuta.

Mwaka 1994 nilipanga chumba cha mabati mtaani Olympic, si mbali na pale matatu zinapogeuzia. Ploti ya pili aliishi mjane mmoja kutoka Kisii na mabinti zake wanne. Huyo wa pili ndiye aliyeninyima usingizi. Alikuwa akipita na jerikeni la maji, nami nikisahau sufuria jikoni mpaka ugali ukaungua. Tulianza kwa salamu, tukaingia katika maongezi, na kabla mwezi haujaandama tena nikawa namsaidia kubeba maji, kazi ambayo mwanamume wa kwetu Kakamega haifanyi bure.

Jirani yangu akaniita kando.

"Ndugu, unajua unatia mguu nyumba gani? Yule mama ni mwanga. Na mabinti wamerithi."

Tazama mzaha wa Kiswahili chetu: mwanga ni nuru, na mwanga ni mchawi achezaye gizani. Kwa Wakisii, kwa Waluo na hata kwetu Waluhya, yupo mchawi wa aina hiyo ambaye hasemekani kuua mtu. Hutoka usiku wa manane akiwa uchi, akakimbia, akarusha mawe juu ya paa, akasugua makalio kwenye milango ya watu, kisha akarudi kulala kama asiyejua lolote. Husemwa kwamba jambo hilo hurithiwa katika ukoo, na kwamba akizuiwa kukimbia huugua. Tena, msomaji, sikiliza sehemu iliyonihusu: aoaye humo hupewa kazi ya kungoja mlangoni, amfungulie mwenzake akirudi.

Mchana nilicheka. Nikajiambia, Olympic mchawi atakimbilia wapi? Vichochoro vyetu watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Angepiga hatua tatu akatumbukia mtaroni, na hatua ya nne angekanyaga mlevi. Lakini usiku, jiwe lilipogonga mabati yangu, nilijifunika blanketi gubigubi nikakumbuka sala zote nilizofundishwa utotoni.

Nilipomuuliza msichana, hakukana wala hakukiri. Alicheka hadi machozi yakamtoka. "Kwani hukuambiwa mapema? Anza kujizoeza kukesha."

Basi siku moja nilikuwa na zamu ya asubuhi katika kiwanda kimoja Eneo la Viwanda. Nauli sikuwa nayo, kwa hivyo nilitoka saa kumi alfajiri nifuate reli kwa miguu, kama walivyofanya wafanyakazi wengi wa Kibera. Stima ilikuwa imepotea. Mbele yangu nikaona umbo linakuja mbio. Lilikuwa limejitanda leso nyeupe, na mikono ni myeupe mpaka kwenye viwiko, kama iliyopakwa majivu ya makaburini. Juu ya kichwa kitu kikubwa cha mviringo. Mate yalinikauka. Nilivua viatu nipate kukimbia vyema, nikageuka, nikajikwaa kwenye taruma la reli na kuanguka kifudifudi.

"Si wewe ni yule wa maji?" sauti ikauliza. "Amka, mwanangu. Shika ndoo hii, nimechelewa."

Ndoo ilikuwa na unga uliokandwa. Ile nyeupe ya mikononi ilikuwa unga wa ngano, na cha kichwani kilikuwa karai la kukaangia mandazi. Wateja wake walikuwa watu kama mimi, wapitao relini kabla ya jua. Alikuwa akikimbia kweli kila alfajiri, kwa sababu mtu mwenye njaa hangoji moto ukolee.

Kwetu, na kwao pia, mkwe na mama mkwe hukwepana kwa heshima. Sisi tuliketi uso kwa uso kandokando ya reli, mimi nikichochea makaa, magoti yakivuja damu. Nilipata ujasiri nikamwuliza mbona hawakanyi watu wanaomwita mwanga.

"Nina wasichana wanne na mlango wa mbao laini," akanijibu. "Tangu waseme hivyo, hakuna mwizi aliyeugusa. Niwakanye nipate faida gani?"

Posa ilipelekwa mwaka 1996. Ami yangu alikuja na chupa yake ya chai kutoka Kakamega, akaikumbatia kama mtoto mchanga. Mama mkwe alimtazama, akaomba amiminiwe kikombe kutoka chupa hiyo hiyo, akakinywa chote, akasema haina sukari ya kutosha. Ami alicheka bila kupenda. Kuanzia hapo mazungumzo ya mahari yalikwenda kama maji.

Miaka ikapita. Mwanzoni mwa 2008 mke wangu alitaka mama yake aache mandazi, arudi Kisii apumzike kwenye shamba lake. Tulikuwa tumeanza kuweka akiba ya mabati. Mwezi wa Mei mwaka huo, habari zikaja kutoka huko: watu 11, wengi wao akina mama wazee, wameteketezwa na umati kwa kushukiwa uchawi. Wakati huo sheria ya uchawi ya 1925 ilikuwa bado ipo, na chini yake hata kumwita mtu mchawi ni kosa. Umati haukuifungua kuisoma. Mama mkwe alisikiliza redio mpaka mwisho, akaizima.

"Jina langu huko wanalijua," akasema, basi.

Mabati tuliyauza. Jina lililomlindia mlango Olympic, nyumbani lingemwashia kiberiti. Oktoba 2021, wazee wanne wa kike walipouawa vivyo hivyo huko Marani, hatukumwambia, lakini nadhani alijua, maana siku mbili hakutaka uji.

Chumba chake kingali kile kile, ploti ya pili na yetu. Mandazi aliacha. Juzi usiku wa manane jiwe liligonga paa letu, ngo! Nikaketi kitandani. Nikasikia hatua za miguu mitupu zikipita dirishani, nyepesi, za haraka mno kwa bibi wa umri wake. Nikamtikisa mke wangu.

"Umesikia?"

Hata macho hakufungua. "Nenda ukamshikie mlango," akasema, akageukia ukutani.

Nilikwenda.