Nani Hulipia Uthubutu Wako?



Ipo methali ambayo bila shaka uliikariri tangu mwaka wako wa kwanza wa kujifunza lugha hii: woga wako ndio umaskini wako. Ni methali nzuri, nami huifundisha. Leo, hata hivyo, ninakuomba tuigeuze na kuitazama upande wa pili, tuulize kama si kweli vilevile kwamba umaskini wako ndio woga wako. Swali hili linatuhusu kama raia, na ili tulijibu nitaanzia mbali, Marekani, katika shindano la vijana lililodumu kwa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1923, mchapishaji Maurice Robinson wa Pennsylvania aliona kwamba shule za nchi yake ziliwashangilia wanariadha, ilhali kijana aliyetunga shairi au kuchora picha hakupigiwa makofi. Akaanzisha tuzo ambazo leo zinajulikana kwa jina la Scholastic Art & Writing Awards. Wanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12 hupeleka mashairi, hadithi fupi, insha, michoro, picha za kamera na sanamu. Kazi hupimwa kwanza katika maeneo yao, na zilizotia fora huendelea hadi ngazi ya taifa. Wanaokaribia kumaliza sekondari wanaruhusiwa kupeleka mkusanyiko wa kazi kadhaa, na wachache walio bora hutunukiwa fedha za kusomea chuoni. Kwa miaka mingi medali ya dhahabu ya mkusanyiko iliambatana na dola 10,000.

Fedha hizo ni nyingi, lakini kilichonivutia zaidi ni kipimo. Majaji huangalia mambo matatu tu: uasilia wa kazi, ustadi wa kuitekeleza, na kuchipuka kwa sauti ya mtunzi mwenyewe. Jina lake hawaonyeshwi. Kwa uasilia wanakusudia kazi inayovunja mazoea, inayochanganya tanzu, inayolieleza jambo la kale kwa njia isiyotarajiwa. Litafakari neno kuchipuka. Mche unaochipuka haujawa mti. Anayelitumia neno hilo amekubali tangu mwanzo kwamba kazi ya kijana inaweza kuwa na upungufu na bado ikastahili kulipiwa.

Sasa rudi nami Uganda, ninakofundisha. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutekelezwa mwaka 2020, umelifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Umeleta pia kazi za miradi, na tathmini ya darasani inachangia asilimia 20 ya alama za mwisho. Asilimia 80 imebaki kwa mtihani wa taifa.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kuandika barua rasmi. Msichana mmoja akaandika barua kutoka kwa mto kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mto ukilalamikia takataka. Uzuri wake ulikuwa katika sarufi. Katika aya ya kwanza mto “umechafuka”, kama ngeli inavyodai. Kuanzia aya ya pili mto wenyewe unasema: “nimechafuka”, “wananitupia”, “nisikilizeni”. Kwa kubadilisha kiambishi kimoja, aliupa mto uraia.

Kisha akaja mezani kwangu na kuuliza, “Mwalimu, nikiandika hivi katika mtihani wa taifa, nitapata alama?” Karo yake ililipwa na mjomba wake, na mjomba aliisoma kila ripoti ya shule kwa makini. Nilimjibu kwamba darasani kwangu kazi hiyo inastahili alama zote, lakini msahihishaji wa mtihani simjui. Aliikunja karatasi yake taratibu. Mtihanini, akasema, ataandika barua ya kawaida.

Usimwite mwoga. Alikuwa amepiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mtoto ambaye kushindwa kwake mara moja kutaifunga njia ya masomo hana ruhusa ya kujaribu. Mwenye ruhusa hiyo ni yule ambaye, akianguka, pana mtu wa kumwinua na kumlipia mwaka mwingine.

Miongoni mwa waliopata tuzo za Robinson wakiwa vijana ni Andy Warhol, aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1928. Baba yake, mhamiaji aliyeishi kwa kazi za mikono, alifariki mwaka 1942, lakini alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya masomo ya mwanawe huyo. Akiba hiyo ilimsaidia kuingia chuoni na kusomea sanaa. Miaka mingi baadaye aliuduwaza ulimwengu kwa kuchora makopo ya supu. Tunapousifu uthubutu wa Warhol, tumkumbuke pia mzee aliyeweka senti kando ili mtoto wake aweze kuthubutu.

Ufadhili wa masomo unaotuza ubunifu ni akiba ya namna hiyo, isipokuwa imewekwa na jamii kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hawakuweza kuiweka. Hata hivyo, una mpaka wake. Hulipa uthubutu uliokwisha kufanyika. Haumfikii yule aliyeikunja karatasi yake kabla ya kuipeleka. Ndiyo maana ninaamini kwamba ni lazima darasa limtangulie mfadhili. Pawepo kazi chache kila muhula ambazo kosa la ngeli halipunguzi alama, mradi mwandishi amejaribu jambo ambalo hajawahi kulijaribu. Na kamati ya shule, pamoja na wahitimu wake wa zamani, wakiweza kuchanga karo ya muhula mmoja, waitoe kwa kipimo kile cha Marekani: uasilia, ustadi na sauti, jina likiwa limefichwa.

Kwa nini nimesema kwamba jambo hili ni la uraia? Kwa sababu anayefundishwa kwa miaka sita kuandika tu kile ambacho msahihishaji anakitarajia, hatageuka siku moja akawa mtu wa kusimama katika mkutano wa kijiji na kuuliza fedha za kisima zimekwenda wapi. Swali hilo nalo huhitaji sauti iliyokwisha kuchipuka, na kuchipuka huchukua muda.

Wewe unayejifunza Kiswahili unathubutu kila siku, maana kila sentensi unayoitamka mbele ya wanaokijua zaidi yako ni nafasi ya kuchekwa. Basi wiki hii andika barua rasmi ya aya tatu kutoka kwa kitu kisichokuwa na sauti katika mtaa wenu: kisima, barabara, au daraja. Anza kwa ngeli yake, kisha ukiruhusu kiseme “mimi”. Ukimaliza, msomee mtu mmoja unayemwamini, naye asisahihishe chochote hadi utakapofika mwisho.