Betri ndogo ya kompyuta, na mtoto anayetambaa chini ya meza

Dada yangu ana steshenari ndogo hapa Kawajense, Mpanda. Anachapa barua, anatoa kopi, na anawajazia vijana maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu mtandaoni. Kazi yote hiyo inategemea kompyuta moja ya mezani, aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ikigoma, hela ya mboga nayo inagoma.

Miezi michache iliyopita kompyuta hiyo ilianza tabia mpya. Kila asubuhi akiiwasha, ilileta maandishi kwenye kioo cheusi kwamba bayosi inasasishwa, usizime. Mstari ulijaa taratibu, ikajizima na kujiwasha yenyewe, ndipo ikafunguka. Kesho yake asubuhi, maandishi yale yale.

Kwa wasioijua, bayosi ni programu ndogo iliyokaa ndani ya maza bodi, ule ubao mkubwa unaounganisha vifaa vyote vya kompyuta. Ndiyo ya kwanza kuamka ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Kuisasisha si jambo baya, lakini sasisho likikamilika linakuwa limekwisha. Halirudiwi kila siku kama kupiga mswaki.

Kilichotutia hofu ni umeme. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea jenereta za mafuta, na wengi wetu tumekua tukijua kwamba taa inaweza kuzimika wakati wowote. Umeme ukikatika bayosi ikiwa inaandikwa, programu inaweza kubaki nusu na kompyuta isiwake tena kabisa. Kila asubuhi dada alikuwa anacheza kamari na mtaji wake.

Fundi wa kwanza alisema dawa ni kununua maza bodi nyingine. Wa pili alitaka aiandike bayosi upya kwa kutumia flashi. Gharama ya wa kwanza ilikuwa kubwa kuliko faida ya mwezi mzima. Njia ya wa pili ilikuwa na hatari ile ile ya umeme.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, si fundi. Ila nimekaa kwenye vyumba vingi vya madaktari, na nimeona kwamba daktari mzuri huuliza kabla ya kuandika dawa: limeanza lini, linatokea saa ngapi, baada ya kufanya nini? Nikamwomba dada achukue daftari, aandike kila mara tatizo linapotokea na kila mara lisipotokea.

Siku tatu zilitosha. Akiizima mchana na kuiwasha tena huku plagi iko kwenye soketi, ilifunguka vizuri. Tatizo lilikuja tu baada ya plagi kuchomolewa, na dada huichomoa kila jioni kwa kuogopa radi na umeme unaorudi kwa nguvu. Jambo la pili: asubuhi hizo tarehe kwenye kona ya kioo ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Ndiyo maana tovuti za maombi zilikataa kufunguka hadi airekebishe. Kompyuta hukagua vyeti vya usalama vya tovuti kwa kutumia tarehe yake yenyewe, na tarehe ikiwa ya uongo, vyeti navyo vinaonekana vya uongo.

Tulimpelekea daftari fundi wa pili. Alilisoma, akacheka kidogo, akasema, "Dada, hapa maza bodi haina kosa. Hii imechoka betri."

Juu ya maza bodi kuna betri bapa ya duara, inayong'aa kama sarafu. Kazi yake ni kulisha saa na kumbukumbu ya mipangilio wakati umeme wa ukutani haupo. Ya kwetu ilikuwa imeandikwa CR2032, na namba hizo zina maana: upana wake ni milimita 20, unene milimita 3.2. Ikiwa mpya ina volti 3. Fundi aliigusa na mita yake, ikasoma mbili na ushee.

Kwa hiyo kila plagi ilipochomolewa, ubao ulisahau tarehe na mipangilio yake. Asubuhi uliamka kama mgeni, ukaanza upya hatua ambayo ulishaimaliza jana.

Betri mpya ilitugharimu shilingi elfu mbili. Fundi alichomoa plagi, akaitoa ya zamani kwa ncha ya bisibisi, akapachika mpya, akaweka tarehe na saa. Kisha tukaiacha imalize sasisho lake mara ya mwisho, safari hii ikiwa imeunganishwa kwenye betri ya akiba ya kuzuia kuzimika ghafla, aliyokuja nayo. Tukaichomoa usiku mzima. Asubuhi ilifunguka moja kwa moja, tarehe sahihi. Siku tatu zilizofuata, vivyo hivyo.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini betri ya zamani fundi aliiweka pembeni ya meza, na mtoto wa mwisho wa dada, mwenye mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa ameshasimama kwa kushika mguu wa meza hiyo, mkono umenyooka. Dada aliiwahi. Fundi akamtuliza: "Usijali, hiyo imekufa."

Kwa kompyuta imekufa. Kwa koo la mtoto bado ni hai. Betri ya aina hii isiyoweza tena kutunza saa hubaki na nguvu ya kutosha kuunguza. Upana wake unatosha kukwama kwenye umio wa mtoto mdogo, yaani mrija wa chakula. Ikikwama, unyevunyevu wa mwili hukamilisha njia ya umeme, na pale inapogusa hutengenezwa kemikali kali ya jamii ya magadi ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa mbili tu inaweza kusababisha majeraha mabaya, hata kutoboa umio.

Kibaya zaidi, dalili zake zinafanana na za magonjwa tuliyozoea: kukohoa, kutokwa na udenda mwingi, kukataa kula, kutapika, sauti kukwaruza. Wakati mwingine hakuna dalili yoyote mwanzoni. Mzazi anadhani ni mafua, anasubiri kupambazuke.

Ukihisi mtoto amemeza betri, usisubiri dalili. Mpeleke hospitali yenye eksirei mara moja na useme wazi kwamba unahofia ni betri. Ukiwa na betri inayofanana nayo au pakiti yake, ibebe. Usimtapishe. Usimpe chakula wala kinywaji.

Asali peke yake ndiyo inaruhusiwa. Kama mtoto ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, wataalamu wa sumu wanashauri vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi awamu sita, mkiwa njiani. Asali hupunguza kasi ya kuungua, haiondoi betri. Isiwe sababu ya kuchelewa hata dakika moja. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe kabisa. Sisi wa Katavi tuna bahati kwamba asali ya misitu yetu haikosekani majumbani. Lakini anayeishi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ana safari ndefu hadi hospitali ya mkoa hapa Mpanda, na kwake kila dakika ya kusitasita ni ghali zaidi.

Betri ikiingia puani au sikioni, nako ni hospitali haraka. Usitie maji wala matone.

Betri za jamii hii hazipo kwenye kompyuta tu. Zimo kwenye rimoti ndogo, funguo za magari, mizani, midoli inayoimba na taa za mapambo. Leo jioni pita ukague vifuniko vyake. Kisicho na skrubu kifunge kwa gundi ya karatasi.

Na fundi akija nyumbani kukubadilishia betri, mwambie akukabidhi ya zamani mkononi. Izungushie gundi ya karatasi pande zote mbili, itie kwenye kopo lenye kifuniko, weka juu asikofika mtoto. Ndipo umlipe.